Komeo Lililonenepa

Verna Pelkey hakuwahi kununua mayai bila kufungua boksi na kuyageuza moja moja. Bwana Coates mwenye duka alikuwa akimwambia, "Hayajapasuka, Verna, nimeyaangalia mwenyewe," naye anajibu huku akiendelea kugeuza, "Umeyaangalia wewe. Mimi bado." Watu waliosimama nyuma yake kwenye foleni walihema kwa hasira. Hakuwajali.

Nilifanya kazi pembeni mwake miaka kumi na mmoja, katika chumba cha vipimo cha kiwanda cha bunduki cha Larrabee, hapa Ansel, Vermont. Yeye alipima vyuma, mimi nilivisafisha na kuvipaka mafuta. Aliniita "jirani" kwa sababu meza zetu ziligusana. Kwa miaka yote hiyo sikumwona akiandika namba aliyoambiwa na mtu. Aliandika ile aliyoiona kwa macho yake, na hata hiyo aliipima mara mbili.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wake wa tatu kazini, msimamizi mmoja alimletea sanduku la mitutu akamwambia, "Hii imeshapimwa ghorofa ya juu. Tia sahihi, binti, lori linasubiri." Akatia sahihi. Siku tano baadaye, katika banda la majaribio, mtutu mmoja ulipasuka. Mpigaji alikuwa Arlo Pelkey, mdogo wa Roland, aliyekuwa mume wa Verna. Kipande cha chuma kikamtoa jicho la kushoto.

Arlo hakumlaumu hata siku moja. Alipotoka hospitali alirudi kwenye banda lile lile na kuendelea kupiga bunduki kwa jicho lililobaki, na akawa mpigaji bora kuliko alivyokuwa na mawili. Roland alipofariki kwa moyo, ni Arlo aliyemkwangulia Verna theluji mlangoni majira kumi na sita ya baridi mfululizo. Kwa hiyo ukiniuliza Verna alikuwa akimwamini nani duniani, nitakujibu: shemeji yake, basi.

Ile bunduki mpya ilikuja Januari, pamoja na mtu wake.

Mtu huyo aliitwa Desmond Okerlund, injinia kutoka Minnesota, mrefu, mkimya, mnywaji wa chai katika kiwanda cha wanywa kahawa. Siku ya kwanza tuliitwa wote kwenye bwalo la chakula. Aliweka bunduki mbili juu ya meza, ile yetu ya zamani na hiyo mpya, akazifungua zote mbili, akavichanganya vipuri vinavyofanana kama mtu anavyochanganya karata. Kisha akaziunga tena bila kuchagua kipi ni cha ipi. Zikafunga vizuri. Zikalia vizuri.

"Ya zamani," akasema, "moshi wa risasi unapita kwenye kijibomba na kuingia mpaka tumboni mwa bunduki, kusukuma komeo lirudi nyuma. Ndiyo maana inachafuka na kuwaka joto. Hii mpya moshi unaishia mbele. Unasukuma pistoni fupi, pistoni inapiga kibebeo cha komeo, basi. Tumbo linabaki safi. Na vipuri vinane katika kila kumi ni vile vile. Polisi mwenye bunduki zetu za zamani tayari ana stoo nzima ya spea za hii."

Watu wakapiga makofi. Bwana Hollis Larrabee, mwenye kiwanda, alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu kama mtu aliyeota jua baada ya homa. Sote tulijua kwa nini. Viwanda viwili vya bonde letu vilikwisha kuhamia kusini, na polisi wa jimbo jirani walitaka bunduki mia sita. Tukizipata, tunabaki. Tukizikosa, kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyelisema.

Verna akanyoosha mkono. "Injinia, kama ni vile vile, upya wake uko wapi?"

Bwalo likacheka. Okerlund hakucheka. "Kwenye msukumo, Bi Verna."

"Huo msukumo unaingilia wapi?"

"Juu ya kibebeo."

"Juu. Siyo katikati."

"Juu kidogo, ndiyo."

"Mtu ukimsukuma bega moja anatembea upande," Verna akasema, akakaa.

Okerlund alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kutoka siku ile wawili hao wakawa kama paka wawili kwenye uzio mmoja.

Jaribio kubwa lilianza wiki ya kwanza ya Februari. Bunduki moja, komeo moja la kuifungia risasi mtutuni, risasi elfu kumi na mbili. Arlo anapiga bandani. Kila baada ya elfu moja anaileta kwetu, Verna anapima kila kipuri na kuandika kwenye daftari la jaribio, Okerlund anatia sahihi, bunduki inarudi. Mwishoni luteni wa polisi angekuja kuangalia daftari na chuma chenyewe.

Hadi elfu tano mambo yalikuwa shwari. Kwenye elfu ya sita Verna alilifungua lile bomba la nyuma linaloingia kwenye kitako, akalimulika kwa tochi, akaniita.

"Jirani, njoo uone. Chini hapo."

Palikuwa na mkwaruzo unaong'aa, mpana kama kucha, na kwenye mafuta palikuwa na unga wa chuma unaometameta. Kibebeo kilikuwa kinainamisha makalio kila kinaporudi, na kulikwangua bomba.

"Si nilisema," akanong'ona, wala hakufurahi. Akaandika. Okerlund alipokuja kutia sahihi alisoma mstari ule, akauma midomo, akatia sahihi. Verna alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafunga.

"Umemwona? Hakushtuka. Mtu asiyeshtuka alikuwa anajua."

Elfu ya saba, mkwaruzo umeongezeka, na meno saba ya komeo, yanayolishika mtutuni, yamelika kidogo, kama inavyotarajiwa. Elfu ya nane ikaletwa Jumatano mchana. Verna akapima meno. Akaiweka chini mikromita yake ya kupimia unene, akafuta miwani, akapima tena. Akachukua mikromita ya akiba kabatini, akapima mara ya tatu. Kisha akafunua daftari ukurasa wa nyuma, akaweka kidole kwenye namba ya elfu ya saba, na kidole kingine kwenye karatasi aliyokuwa akiandika.

"Limenenepa," akasema.

"Nini?"

"Komeo. Wiki iliyopita lilikuwa limelika. Leo ni nene kuliko wiki iliyopita. Umewahi kuona chuma kinanenepa, jirani?"

Nikasema labda joto. Akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Hili si lile," akasema polepole. "Mtu amelibadilisha."

Na hapo ndipo ile sifa kubwa ya bunduki mpya ilipogeuka. Komeo lake lilikuwa lile lile la ya zamani. Katika droo za stoo yalikuwemo mamia, yote mapacha, hayana namba wala alama. Mtu yeyote mwenye ufunguo angeweza kuchukua moja, kulipaka masizi na kulitia ndani kwa dakika moja. Wenye ufunguo walikuwa wanne: Bwana Hollis, Okerlund, Verna na Arlo.

Verna hakumwambia mtu. Aliandika namba aliyoiona, namba nene, bila maelezo. Kisha akachukua sindano ya almasi, akakwaruza kialama kidogo ndani ya mkia wa lile komeo, mahali ambapo mtu haangalii ila akitaka. Akanigeukia.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Vizuri."

Okerlund akaja. Alisoma namba. Safari hii ndiyo akashtuka. Alimtazama Verna usoni, akatazama mikromita, akatazama tena namba, na akatia sahihi taratibu sana kama mtu anayesaini hati ya talaka.

Wiki iliyofuata sikupata amani. Verna aliacha kula bwaloni. Alikula mkate wake wa nyama baridi dirishani, kwa sababu dirisha letu liliangalia mlango wa stoo. Alikuwa na karatasi, na kwenye karatasi aliandika saa. Saa sita na dakika kumi, Injinia ameingia stoo. Saa sita na dakika kumi na tisa, ametoka, mkono uko mfukoni. Saa tisa kasoro robo, ameongea na Hollis, Hollis amekunja uso.

"Kwa nini asile na wenzake?" ananiuliza.

"Na wewe mbona huli na wenzako?"

"Mimi namchunga yeye."

Siku mbili baadaye Okerlund alikuja chumbani kwetu na kuomba kuona mikromita zetu, zote mbili, pamoja na vile vipande vya chuma tunavyozisahihishia. Alisema ni ukaguzi wa kawaida. Verna alimpa kimya kimya, na alipotoka nazo uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Miaka thelathini na sita! Hakuna mtu aliyewahi kuchukua vipimo vyangu! Unajua anafanya nini? Anataka kuvichezea, halafu aseme kosa ni langu."

Nilianza kuamini. Mtu mgeni, kiatu safi, kazi yake yote imesimama juu ya bunduki moja. Nani mwingine alikuwa na sababu kubwa kuliko yeye? Nilipokutana naye kwenye kolido nilijikuta nikitazama mifuko yake.

Elfu ya tisa ikaletwa. Verna akafungua komeo, akawasha taa, akachungulia ndani ya mkia. Akanipa nichungulie. Alama haikuwepo. Lilikuwa komeo la tatu.

"Leo," akasema. "Leo sitamwacha."

Ilikuwa Ijumaa, katikati ya Machi, wakati ule theluji inapoyeyuka na barabara zote zinageuka uji. Saa tisa na nusu Okerlund alitoka na sanduku dogo la mbao kwapani, akaelekea kwenye gari lake. Verna alichukua koti. Nikamfuata, kwa kuwa niliogopa angempiga.

Alikuwa ameshafunga buti la gari. Verna akasimama mbele yake, tope likimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Fungua."

"Unasemaje?"

"Buti, Injinia. Fungua nione unachokiiba."

Okerlund alitoa funguo mfukoni. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitegemea: akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Akafungua buti, akafungua na sanduku. Ndani mlikuwa na vipande vya chuma vya kusahihishia vipimo, vya Verna, vimefungwa kwa kitambaa. Pembeni yake palikuwa na bomba la kitako lililokwaruzwa, na bahasha ya maabara ya chuo kikuu.

"Bomba nimelibadilisha jana, limo kwenye daftari, uliliona," akasema. "Nalipeleka likaangaliwe. Mkwaruzo ule umeninyima usingizi. Ulikuwa sahihi siku ile bwaloni, nikaona aibu kukwambia. Hivi vyuma vyako nilivipeleka wakavipime, nimevipata leo, sikujua nikurudishie vipi. Viko sawasawa kabisa."

"Kwa nini vipimwe?"

"Kwa sababu namba zako zilipanda, Bi Verna. Chuma hakinenepi. Nikadhani Hollis amekubana, ukaanza kuzipamba."

Niliwatazama wote wawili. Verna akavitazama vyuma vyake sandukuni. Sijui kama kuna tusi ambalo lingemchoma zaidi. Lakini hakukasirika. Nadhani aliisikia akili yake mwenyewe ikisema kupitia kinywa cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unanichunga," akasema.

"Wiki moja na nusu. Na wewe?"

"Wiki moja na nusu."

"Stoo nilikuwa naingia kuhesabu makomeo," Okerlund akasema. "Yamepungua mawili. Nilijua hujaingia humo. Nilikuona unakula dirishani. Hollis hawezi hata kufungua bunduki, mwulize mtu yeyote. Sasa amebaki nani?"

Verna akageuza uso kuelekea mtoni. "Si Arlo."

"Sijamtaja mtu."

"Umemtaja. Nakwambia si Arlo. Huyo mtu anajua bunduki mbovu inafanya nini. Anajua kuliko wewe, kuliko mimi, kuliko nani."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Bi Verna," akasema kwa upole.

"Nguo zangu nafua mwenyewe," akajibu, akaondoka, viatu vyake vikitoa sauti ya kunyonya topeni.

Jumamosi asubuhi Verna alinipitia na gari lake. Hakusema tunakwenda wapi. Arlo alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba yake, msituni, ambako kila Machi alichemsha utomvu wa miti kuwa shira. Tulikuta mvuke unatoka paani, na yeye ndani, mikono imekunjwa, akiondoa povu kwenye sinia kubwa la bati. Harufu ilikuwa tamu mpaka inalevya.

"Shemeji!" akaita. "Na jirani wako pia! Karibuni, kuna soseji, chukueni vikombe mwonje."

Tukanywa shira ya moto. Akatutania, akasema Verna ataiuliza shira cheti cha kuzaliwa. Verna akacheka. Macho yake lakini yalikuwa yakitembea: rafuni, chini ya benchi, kwenye koti la kazi lililoning'inia msumarini. Niliona anavyojichukia kwa kutazama, na hakuacha kutazama.

"Arlo," akasema mwishowe, "bunduki inaendaje?"

"Kama cherehani."

"Komeo?"

"Wewe ndiye unayelipima, unaniuliza mimi?"

Alijibu haraka mno. Arlo alikuwa mtu wa kujikuna kidevu kabla ya kujibu hata saa ngapi. Verna akaweka kikombe chini.

"Limo wapi lile la kwanza?"

Moto uliguruma chini ya sinia. Arlo aliendelea kuondoa povu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akatundika mwiko, akaenda kwenye rafu, akashusha mkebe wa kahawa, akamwekea Verna mapajani.

Ndani ya tambara lenye mafuta mlikuwa na makomeo mawili. Moja lilikuwa na ile alama ya sindano mkiani. Lingine lilikuwa na jino moja lililopasuka kwenye shina, ufa mwembamba kama unywele, umezunguka zaidi ya nusu.

"Elfu saba na mia mbili," Arlo akasema. "Nililisikia. Mlio ulibadilika. Nikalifungua nikaliona. Teke la ile pistoni ni kali, halafu linakuja kwa juu. Komeo halikuumbwa kwa teke lile."

"Ukanyamaza."

"Nikaweka lingine. Nikaona bora nibadilishe kila elfu, ili lisipasuke tena. Wenyewe si wanasema vipuri ni vile vile? Nimetoa hili, nimeweka hili. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe, ndiyo. Sikufikiria ungepima hata unene wa unywele."

"Miaka yote hii, hukufikiria?"

Arlo akaketi juu ya gogo. "Shemeji, kuna watu mia na sitini pale. Huyu hapa ana watoto wawili." Akaninyooshea kidole. "Bunduki ikianguka, Hollis anafunga virago anakwenda kusini. Nilisema wapate kwanza hizo mia sita, halafu Injinia atarekebisha kimya kimya. Angerekebisha. Si mjinga."

"Na katikati hapo? Kabla hajarekebisha?"

Arlo akasukuma kuni motoni.

"Una jicho moja, Arlo. Mimi ndiye niliyetia sahihi."

"Sikuwahi kukudai jicho hilo."

"Hukunidai. Lakini huyo askari wa kesho hanijui hakujui. Ana miaka ishirini na tatu, ana mama yake. Utamwambia watu mia na sitini?"

Arlo akafuta uso kwa mkono wa shati. Nilitamani niwe mahali pengine popote.

"Utanipeleka kwa Hollis," akasema.

"Utakwenda mwenyewe. Jumatatu, saa moja asubuhi. Ikifika saa moja na nusu hujaenda, nitakwenda mimi." Akauweka mkebe juu ya benchi, akausogeza upande wake. "Na huu nakuachia."

Kwenye gari nikamwuliza kwa nini ameacha ushahidi. Angeweza kuutupa mtoni.

"Naujua uzito wa ninachokifanya," akasema. Lakini tulipofika barabara kuu alisimamisha gari, akatazama nyuma, kama anayetaka kurudi kuuchukua. Alikaa hivyo dakika nzima. Kisha akaendesha.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikakuta gari lake limeegeshwa tayari, taa zimezimwa, yeye ndani, macho getini. Nikaingia nikakaa naye. Saa moja kasoro dakika tano lori la Arlo likaingia. Akashuka. Hakuwa na mkebe. Akapita mlango wa ofisi bila kuutazama, akaenda moja kwa moja kwenye banda la majaribio.

"Ameutupa," Verna akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ameutupa mtoni, mjinga mimi."

Saa moja ikafika. Saa moja na dakika kumi. Okerlund akafika na kikombe chake cha chai, akatuona ndani ya gari, akasimama mbali kidogo akijifanya anatafuta funguo. Kwa hiyo tulikuwa watatu tunaulinda mlango mmoja. Saa moja na robo Verna alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa gari.

Mlango wa banda ukafunguka. Arlo akatoka amebeba ile bunduki ya majaribio mkono mmoja, na mkono wa pili, kutoka kwenye kabati lake la nguo alimouficha tangu Jumapili, ameshika mkebe wa kahawa. Akavuka uwanja kwenye tope, akapanda ngazi za ofisi. Hakubisha hodi.

Verna aliinamisha kichwa kwenye usukani. Hakulia. Alikaa tu hivyo, anapumua.

Mengine yalikwenda yalivyokwenda. Hollis alipiga kelele mpaka tukazisikia chini, kisha akanyamaza, na mchana mwenyewe akampigia simu luteni wa polisi akamweleza kila kitu. Arlo akastaafishwa siku ile ile, bila keki wala saa ya ukumbusho. Jaribio likafutwa. Kwa miezi saba Okerlund alikaa na michoro yake, na kila jioni alishuka chumbani kwetu kumwuliza Verna hili na lile. Aliupanua mkia wa kibebeo ukawa kama nyayo za sleji, kile kigari kinachoteleza juu ya theluji, usiinamie tena. Komeo akalitengeneza upya, kwa chuma kingine, na meno ya shina nene, akalipa umbo ambalo la zamani haliwezi kuingia mahali pake hata ulipige nyundo. Vipuri vya pamoja vikapungua, na kwenye matangazo ile sentensi ya vinane katika kumi ikafutwa.

Miezi saba ile tulipunguzwa watu arobaini. Mimi nilikuwemo. Nilipasua kuni za watu na kufyeka majani, na mke wangu hakumtaja Verna kwa jina, alisema "yule rafiki yako." Hakuwa peke yake. Pale mgahawani kulikuwa na watu waliohama kiti Verna alipokaa. Mtu mmoja aliandika neno baya kwenye vumbi la kioo cha gari lake. Alilisoma, akalifuta, akaenda kazini.

Polisi walinunua mia tatu badala ya mia sita. Kiwanda hakikuhama. Sisemi kwamba kisingehama kama mambo yangekuwa vinginevyo, wala sisemi kingehama; watu bado wanabishana. Niliitwa kazini Novemba, nikarudi kwenye meza yangu. Verna na Okerlund walikuwa wamejiwekea desturi: kila kipuri kinapimwa na mmoja, halafu na mwingine, kila mtu kwenye karatasi yake, kisha wanazigeuza karatasi kwa pamoja. Hawakuaminiana hata kidogo, na sijawahi kuona watu wawili wanaofanya kazi vizuri namna ile.

Na Arlo? Kiangazi kizima hakumsemesha shemeji yake. Walikutana kanisani, wakakaa pande mbili. Kisha Jumamosi moja ya Oktoba, nilipokuwa kwa Verna nikimrekebishia mfereji wa paa, lori la Arlo likaingia uani limejaa kuni. Hakusalimia. Akashusha mlango wa nyuma, akaanza kuzitupa chini. Verna alitoka nje, akasimama barazani na aproni yake, akamtazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na glavu, akaanza kuzipanga ukutani.

Walifanya kazi karibu saa nzima.

"Unapanga vibaya," Arlo akasema mwishowe. "Gome lielekee juu."

"Likielekea juu linashika maji."

"Linamwaga maji, shemeji. Linamwaga."

"Nani kakwambia?"

"Mumeo, Roland, Mungu amrehemu."

"Roland alikuwa hajui kupanga hata soksi," Verna akasema, akageuza gogo, gome likaelekea juu, akachukua jingine.